Waangalizi 120, vituo 1,400: jinsi ya kuangalia kura ya maoni juu ya makubaliano ya kisiasa

*Swali: Pande mbili zilizokuwa zikivutana zimetia saini makubaliano ya kisiasa, na wananchi wataulizwa kwa kura ya maoni kama wanayakubali. Zimebaki wiki kumi. Jumuiya yetu ya kiraia imejitolea kuangalia kura hiyo. Tuna watu 120 wa kujitolea, vituo vya kupigia kura ni 1,400. Tumegawanyika. Wapo wanaosema kura ya ndiyo au hapana haina mengi ya kuangalia, tujumlishe tu matokeo siku yenyewe. Wengine wanataka tuwazungushe watu wetu kwenye vituo vingi iwezekanavyo. Baadhi ya wenzetu wanayaunga mkono makubaliano waziwazi kwa sababu wamechoshwa na ugomvi, na wanaona kutaja kasoro za zoezi hili ni kuchezea amani. Mikutano ya kukusanya maoni imeshaanza na hatujatuma mtu. Tuanzie wapi, na mwisho wa yote tutasema nini?*

Nikikuelewa vizuri, hofu yako kubwa ni ya siku ile matokeo yatakapotangazwa, upande ulioshindwa utakapowageukia na kuuliza: ninyi mlikuwepo, mliona nini? Mnataka siku hiyo muwe na jibu linalosimama. Wiki kumi zinatosha kuliandaa, ila hazitoshi kufanya kila kitu mnachokitamani, kwa hiyo itabidi mchague. Kazi ya kwanza ni ya wiki hii, na haihusiani na masanduku ya kura.

Nianze na wale wanaosema ndiyo au hapana haina mengi ya kuangalia. Karatasi ya kura ni nyepesi kweli, lakini mazingira yake ni magumu kuliko ya uchaguzi wa kawaida. Katika uchaguzi kila mgombea ana wakala kituoni, na mawakala hao wanachungana. Katika kura juu ya makubaliano, waliotia saini wote wawili wako upande mmoja, upande wa Ndiyo. Vyama vikubwa vyenye fedha na mtandao wa mawakala vimeshapatana. Upande wa Hapana unaweza kuwa wa watu waliotawanyika, wasio na chama, wasio na mtu hata mmoja ndani ya kituo. Ule ulinzi wa kuchungana unakufa bila mtu kuufuta. Tena serikali inayosimamia zoezi mara nyingi ndiyo mmoja wa watia saini: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Hapo ndipo mwangalizi huru anapohitajika kuliko wakati mwingine wowote.

Kasoro kubwa za kura za namna hii kwa kawaida hutokea kabla ya siku ya kura. Guatemala ni mfano ninaowarudisha watu kwake kila mara. Mikataba ya amani ilikamilika tarehe 29 Desemba 1996, na ikahitaji marekebisho ya katiba. Bunge likayaongeza mpaka yakafika 50, kisha yakafungwa katika maswali manne. Mei 1999 mpiga kura aliyependa rekebisho moja na kulichukia la pili ndani ya swali lilelile hakuwa na namna ya kulisema hilo. Waliojitokeza hawakufika asilimia 20, na maswali yote manne yakaangushwa. Hata kila sanduku lingelindwa kwa uangalifu wote, tatizo lilikuwa limeshaingia ndani ya swali lenyewe.

Kwa hiyo anzeni na swali. Tume ya Venice, chombo cha ushauri wa kisheria cha Baraza la Ulaya, ina mwongozo wa kura za maoni ambao unafaa kutumika popote: swali liwe wazi, lisipotoshe, lisimsukume mtu kwenye jibu, lisifunge pamoja mambo yasiyohusiana, na mpiga kura ajue kitakachofuata kwa kila jibu. Chukueni rasimu ya swali mkaisome na watu kama 20 wasio wa jumuiya yenu, wenye elimu na umri tofauti, kwa kila lugha itakayotumika. Msiwaulize kama wameelewa, kwa sababu watajibu ndiyo kwa heshima. Waulizeni: ukichagua hapana, kesho yake kitatokea nini? Majibu yakitofautiana sana, mmepata hoja yenu ya kwanza, na bado kuna muda wa kuipeleka kwa tume ya uchaguzi.

Katika Timor ya Mashariki mwaka 1999, wananchi walipoulizwa juu ya mpango wa utawala wa ndani uliotokana na makubaliano ya Indonesia na Ureno ya tarehe 5 Mei, karatasi ya kura ilieleza kwamba kuukataa mpango huo kungeelekea kwenye kujitenga na Indonesia. Iliandikwa kwa lugha nne, na kila jibu lilikuwa na alama yake. Mpiga kura alijua uzito wa kila upande. Linganisha na Kolombia mwaka 2016, katika kura juu ya makubaliano ya serikali na waasi wa FARC: Hapana ilishinda tarehe 2 Oktoba, karatasi ya kura haikuwa imesema nini kingefuata, na tarehe 24 Novemba makubaliano yaliyorekebishwa yakatiwa saini na kupelekwa bungeni bila wananchi kuulizwa tena. Unaweza kuona ulikuwa uamuzi mzuri au mbaya. Kwa mwangalizi, la muhimu ni kwamba mpiga kura hakuambiwa mapema. Ulizeni sasa, kwa barua: matokeo yatafunga mikono ya serikali au ni ushauri tu? Kuna kiwango cha chini cha kura kinachotakiwa? Hapana ikishinda, nani anaamua hatua inayofuata?

Alama nazo zitazameni. Nchini Kenya mwaka 2005 ndizi ilikuwa Ndiyo na chungwa likawa Hapana, na chungwa likaja kuzaa jina la chama kizima cha siasa. Alama ikishapata maana ya kisiasa, haiishi siku ya kura. Rangi au alama inayofanana na ya chama kimojawapo ni kasoro ya kutajwa mapema.

Baada ya swali, maandishi yenyewe ya makubaliano. Ireland ya Kaskazini ilipeleka nakala katika kila kaya kabla ya kura ya tarehe 22 Mei 1998, wiki sita baada ya makubaliano kufikiwa. Waliojitokeza walikuwa asilimia 81, na asilimia 71 wakakubali. Cyprus mwaka 2004 mpango wa mwisho wa kukiunganisha kisiwa ulikamilika tarehe 31 Machi na kura ikapigwa tarehe 24 Aprili, huku viambatisho vya sheria vikiwa maelfu ya kurasa. Sisemi muda mfupi peke yake ndio uliowafanya Wagiriki wa Cyprus waukatae, maana kulikuwa na mengi mengine. Ninachosema ni kwamba muda na upatikanaji wa nakala vinapimika, na ninyi mnaweza kuvipima: wiki ya nane kabla ya kura, ya tano, na ya pili, watu wenu waende katika ofisi za serikali za mitaa, shule na maktaba waombe kusoma nakala kamili. Waandike: ipo au haipo, kwa lugha zipi, toleo la lini, kuna muhtasari, muhtasari umeandikwa na nani. Kazi hii haihitaji kibali cha mtu yeyote.

Sasa mikutano ya maoni, ambayo mmeshachelewa nayo kidogo. Tumeni watu wawili kwa kila mkutano mtakaoweza kuufikia, kuanzia wiki hii. Waandike tangazo lilitolewa siku ngapi kabla, kwa njia gani, mkutano ulifanyika saa ngapi (saa za kazi za shambani au sokoni huwatenga watu walewale kila mara), nakala zilikuwepo, wangapi walihudhuria, wangapi walisema, wanawake wangapi kati yao, nani alikatizwa, na kama kulikuwa na karani anayeandika yaliyosemwa. Kisha wabaki na orodha yao wenyewe ya hoja zilizotolewa. Ripoti rasmi ya maoni itakapotoka, ilinganisheni na orodha hiyo. Hoja iliyosemwa katika mikutano mingi na isionekane popote kwenye ripoti ni ushahidi mzito. Mahakama zinaweza kulijali jambo hili: Mahakama ya Juu ya Kenya, katika hukumu ya Machi 31, 2022 juu ya BBI (Building Bridges Initiative), mchakato wa kubadili katiba uliotokana na kupeana mikono kwa Uhuru Kenyatta na Raila Odinga mwaka 2018, iliona jedwali la pili la muswada, lililohusu maeneo ya uwakilishi, lilikiuka katiba kwa kukosa ushirikishwaji wa umma.

Daftari la wapiga kura ni mahali pa tatu pa kutazama kabla ya siku yenyewe, hasa kama kuna kiwango cha chini cha waliojitokeza. Sudan Kusini mwaka 2011 sheria ilidai asilimia 60 ya walioandikishwa wapige kura, la sivyo matokeo yasingehesabika. Kolombia ilidai kura za Ndiyo zifike asilimia 13 ya daftari zima. Kukiwa na kizingiti cha namna hii, majina ya marehemu na waliohama si uchafu mdogo tena. Kila jina la ziada linaongeza idadi inayotakiwa kufikiwa, na anayetaka zoezi lishindwe anaweza kuwaambia watu wake wakae nyumbani tu. Kuna jaribio rahisi la pande mbili. Chagueni maeneo 40 kwa bahati nasibu. Katika kila eneo chukueni majina 10 kutoka kwenye daftari mkawatafute watu hao, halafu chukueni watu 10 wenye sifa kutoka kwenye nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu mkayatafute majina yao daftarini. Jaribio la kwanza linafichua majina yasiyo na watu, la pili linafichua watu wasio na majina. Wengi hufanya la kwanza tu, na hivyo hawamwoni raia aliyeachwa nje.

Tuje kwenye siku ya kura. Fikra ya kuwazungusha watu 120 kwenye vituo vingi iwezekanavyo inavutia kwa sababu takwimu ya mwisho inaonekana kubwa. Haiwasaidii. Anayezunguka hakai ufunguzi mpaka mwisho, na huona kura zikihesabiwa katika kituo kimoja tu, mara nyingi kile kilicho karibu na barabara nzuri. Anaona dakika 20 za hapa na 20 za pale. Mtu akiuliza kama sanduku lilionyeshwa likiwa tupu, hana jibu kwa vituo vyote alivyopita isipokuwa kimoja.

Ningewapanga hivi: watu 100 kwenye vituo 100 vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, kila mmoja asiondoke tangu kabla ya kufunguliwa mpaka fomu ya matokeo ibandikwe. Watu 10 wa akiba, maana ugonjwa, usafiri na woga huondoa watu asubuhi ileile. Watu 10 waliobaki wawe kwenye chumba cha kupokea taarifa na kwenye vituo vya majumuisho.

Kuchagua vituo hakuhitaji kompyuta. Chukueni orodha rasmi ya vituo 1,400, ipangwe kwa maeneo ya utawala ili majirani wakae pamoja, na kila kituo kipewe namba. 1,400 ukigawa kwa 100 ni 14. Andikeni namba 1 hadi 14 kwenye vikaratasi, mtu achomoe kimoja mbele ya mashahidi. Ikitoka 9, mnachukua kituo cha 9, cha 23, cha 37, cha 51, mkiongeza 14 kila mara hadi cha 1,395. Kila eneo litapata sehemu yake kwa uwiano. Kituo kikiwa mbali au kigumu kufikika, msikibadilishe kwa cha jirani kwa sababu hiyo tu: vituo vigumu kufikika ndivyo ambavyo hakuna mwingine anayeviangalia. Na orodha ya vituo vyenu ibaki siri mpaka siku yenyewe, vinginevyo hivyo 100 vitaendeshwa vizuri na 1,300 vingine vibaki kama vilivyo.

Vituo 100 vinawapa nguvu gani? Kama tatizo fulani limetokea katika asilimia 2 tu ya vituo vyote, yaani 28, uwezekano wa kuliona angalau katika kimoja cha vituo vyenu ni takriban asilimia 88. Mkitaka kusema ni vituo vingapi nchini vilichelewa kufunguliwa, makadirio yenu yanaweza kupotoka mpaka karibu pointi 9 na nusu juu au chini, pale jambo linapogawanyika nusu kwa nusu. Hiyo inatosha kusema "tatizo hili lilienea" au "lilikuwa la hapa na pale". Haitoshi kubishana juu ya pointi mbili tatu.

Ndiyo maana nawasihi muwe waangalifu na ujumlishaji sambamba wa matokeo, yaani kukusanya matokeo ya vituo vya sampuli ili kukadiria matokeo ya nchi nzima. Njia hii ni nzuri na imesaidia nchi nyingi, lakini idadi ya vituo ndiyo inayobeba kila kitu, si idadi ya wapiga kura waliomo. Watu wa eneo moja hufikiri kwa kufanana, kwa hiyo kituo chenye wapiga kura 400 hakikupi maoni 400 yanayojitegemea. Kama asilimia ya Ndiyo inatofautiana kati ya vituo kwa mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi vituo vinavyoachana na wastani) wa pointi 20, jambo la kawaida katika nchi iliyogawanyika, vituo 100 vinatoa makadirio yenye upotofu wa takriban pointi 3.8 kila upande. Ukipungua mpaka pointi 10, upotofu ni 1.9. Kolombia ilikuwa Hapana asilimia 50.2 dhidi ya Ndiyo 49.8, tofauti ya kura zisizofika 60,000 kati ya kura zaidi ya milioni 12. Kwa vituo 100 msingeweza kusema lolote la maana juu ya nani kashinda, na kama mngekuwa mmeahidi takwimu, mngejikuta mmetoa ile isiyostahili kutolewa.

Kuna jambo jingine la kuuliza kabla hamjaamua: kura zitahesabiwa wapi? Timor ya Mashariki masanduku yalipelekwa Dili na kura zikachanganywa kabla ya kuhesabiwa, ili isijulikane kijiji kipi kilisema nini na kisiadhibiwe. Ireland ya Kaskazini nayo ilihesabu mahali pamoja, Belfast. Utaratibu huo unalinda watu, na katika nchi yenye watu wenye silaha naukubali, lakini unafuta kabisa uwezekano wa kulinganisha matokeo ya kituo na majumuisho. Ikiwa ndivyo kwenu, watu wenu wahamie kwenye safari ya sanduku: namba za lakiri wakati wa kufunga, nani alilisindikiza, liliondoka saa ngapi, lilifika saa ngapi, namba za lakiri wakati wa kufungua. Kama kura zitahesabiwa kituoni, andikeni matokeo ya vituo vyenu 100 na kuyalinganisha na yale ambayo tume itachapisha kwa vituo hivyohivyo. Kwa kulinganisha hivi hamtabiri mshindi, mnathibitisha kwamba namba hazikubadilika njiani. Kwa nguvu mliyonayo, hilo ndilo ninalolipendekeza. Na amueni sasa, kwa maandishi, nini mtachapisha na nini hamtachapisha. Uamuzi huu ukifanyika usiku wa matokeo, huwa umeshafanywa na hofu au furaha.

Fomu ya kituo isizidi maswali 25, na kila swali liulize kitu kinachoonekana. "Je, ufunguzi ulikuwa mzuri?" ni swali bovu. "Je, sanduku lilionyeshwa kwa waliokuwepo likiwa tupu kabla ya kufungwa?" ni swali zuri, lina ndiyo au hapana. Mwangalizi aandike idadi ya karatasi za kura zilizopokelewa asubuhi, na jioni ajaribu hesabu mbili: zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zikijumlishwa zilingane na zilizopokelewa, na majina yaliyotiwa alama kwenye daftari yalingane na karatasi zilizotoka sandukuni. Tofauti ya karatasi moja au mbili ni ya kibinadamu. Tofauti ya 40 inahitaji maelezo ya msimamizi, na maelezo hayo yaandikwe kama yalivyotolewa. Kwa kura ya namna yenu ongezeni swali moja: je, kituoni alikuwepo wakala wa upande wa Ndiyo? Wa Hapana? Majibu ya swali hilo yakijumlishwa yatasema mengi kuliko mnavyotarajia.

Taarifa zije mara nne: baada ya kufunguliwa, katikati ya siku, wakati wa kufunga, na baada ya kuhesabu. Tukio kubwa, kama vurugu au sanduku kuchukuliwa, lipigiwe simu papo hapo. Wiki moja kabla fanyeni jaribio kamili, kila mtu atume taarifa ya kuigiza kutoka kituo chake halisi. Jaribio hilo litawaonyesha nani hana mtandao wa simu na anatakiwa kupanda mlima au kutumia simu ya mtandao mwingine. Kinachoharibika siku ya kura mara nyingi ni hiki, taarifa nzuri zisizofika. Mafunzo yawe ya siku nzima, nusu yake ikiwa kituo cha kuigiza chenye kura za utata: alama katikati ya miraba miwili, jina limeandikwa pembeni, karatasi mbili zimekunjwa pamoja. Na kila mmoja ajue kwamba hagusi karatasi, hamshauri msimamizi, hamwelekezi mpiga kura. Akiona kosa, analiandika, anaweza kuuliza, na hapo anaishia.

Kibali ombeni leo. Majina, picha na namba za vitambulisho vya watu wote 120 vitatakiwa, na vibali vina tabia ya kutoka siku mbili kabla, vingine vikiwa na majina yaliyokosewa. Kibali hakiwafanyi kuwa watumishi wa tume, mradi hakiji na sharti la kupeleka ripoti ikaguliwe kwanza. Sharti hilo likiwepo, likataeni hadharani. Misingi ya kimataifa ya waangalizi raia wasiofungamana na upande, iliyozinduliwa Umoja wa Mataifa Aprili 2012, itawapa lugha ya kujibu. Inadai pia mambo kwenu: mseme fedha zenu zimetoka wapi, mbinu zenu ziwe wazi, na kila mwangalizi atie saini ahadi ya kutofungamana.

Hapo ndipo nafika kwa wenzenu wanaounga mkono makubaliano. Naelewa kuchoka kwao, na wana haki kamili ya kupigania Ndiyo. Hawawezi kufanya hivyo wakiwa waangalizi. Zungumzeni nao kwa upole na mapema. Anayetaka kampeni aende kwenye kampeni kwa heshima zote, anayebaki avue fulana, anyamaze mtandaoni, atie saini. Vivyo hivyo kwa wa Hapana, na kama hamna hata mmoja wa upande huo katika jumuiya, jiulizeni kwa nini. Kuhusu amani, wazo lao liko kinyume. Makubaliano yaliyopita kwa kura yenye kasoro zilizofichwa yanampa anayeyapinga sababu nzuri kuliko zote ya kuyavunja. Zanzibar ilipopiga kura ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa tarehe 31 Julai 2010 na Ndiyo ikapata asilimia 66.4, theluthi nzima ilikuwa imesema Hapana. Theluthi hiyo ilipaswa kuishi ndani ya mfumo mpya kama wengine. Watu wa namna hiyo wanahitaji kujua kwamba walihesabiwa.

Ila nisiwape matumaini yasiyo na msingi: uangalizi hauzuii risasi. Timor ya Mashariki ilikuwa na waangalizi wengi wa ndani na wa nje, na malalamiko yalisikilizwa na jopo huru la watu watatu lililoridhika kwamba kura ilikuwa ya haki. Asilimia 98.6 ya walioandikishwa walipiga kura, na asilimia 78.5 wakaukataa mpango. Lakini makubaliano yenyewe yalikuwa yameacha usalama mikononi mwa Indonesia, na matokeo yalipotangazwa tarehe 4 Septemba mauaji na uchomaji vikapamba moto mpaka jeshi la kimataifa lilipoanza kuingia tarehe 20. Kwa hiyo someni kifungu cha usalama katika makubaliano yenu kama mnavyosoma swali la kura, na mpango wenu usiishie kwenye kutangazwa kwa matokeo. Wekeni watu wa kufuatilia angalau wiki mbili baada yake.

Mwisho mtasema nini? Si "huru na haki". Maneno hayo yamechoka, na hayamwambii mtu mlichokiona. Toeni tamko la awali ndani ya saa 48, lianze na mbinu: vituo vingapi, vilichaguliwaje, vingapi vilileta taarifa. Kisha semeni kwa namba. Kwa mfano: "Kati ya vituo 97 vilivyoleta taarifa, 9 viliishiwa karatasi kabla ya muda wa kufunga, na katika 61 hapakuwa na wakala wa Hapana." Mlichokisikia kwa watu kiandikwe kando na mlichokiona kwa macho. Yaliyotokea kabla ya siku ya kura, yaani swali, nakala, mikutano, daftari na muda wa redioni kwa kila upande, yapate nusu ya tamko, maana ndiko uamuzi mwingi ulikofanyikia. Kisha pimeni kasoro dhidi ya tofauti ya kura. Kasoro zilezile zinaweza kutobadilisha lolote pale pengo likiwa pointi 30, na zikawa ndizo habari yenyewe pengo likiwa nusu pointi.

Yapo mambo ambayo ushauri wa maandishi hautoshi. Kabla ya kuchomoa kikaratasi cha sampuli, kaeni na mtakwimu kama vituo vinatofautiana sana kwa ukubwa, au kama kuna maeneo yasiyofikika kabisa. Njia ya kila cha 14 itahitaji kurekebishwa, na hilo hulifanyi kwa kukisia. Kaeni na wakili anayejua sheria ya uchaguzi kabla ya kuchapisha namba yoyote ya matokeo, kwa sababu baadhi ya nchi zinaadhibu anayetangaza kabla ya tume. Awaambie pia siku za mwisho za malalamiko. Mwangalizi kwa kawaida si mlalamikaji, lakini siku hizo huwa chache, na ushahidi wenu unaweza kuhitajika na mwenye haki ya kulalamika. Na mwangalizi yeyote akitishwa kwa jina, au akifuatwa nyumbani, aondolewe siku hiyohiyo, kituo chake kiandikwe kuwa hakikuangaliwa na sababu itajwe. Mzungumze ana kwa ana na shirika linalolinda watetezi wa haki za binadamu kabla ya kumpeleka mtu mwingine pale. Katika sampuli ya 100 mnaweza kupoteza vituo vitano na kazi bado ikasimama.